Kidonge kimoja kwa siku, na viungo vinavyokaza asubuhi

Kidonge hiki ni cha saratani ya matiti, kwa mwanamke ambaye hedhi yake imekoma. Hedhi ikishakoma, ovari (vifuko vya mayai) huacha kutoa estrojeni ya maana, yaani homoni ya kike, lakini mwili hauishiwi nayo kabisa. Mafuta, misuli, hata titi lenyewe vina kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kinachogeuza homoni za tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, kuwa estrojeni. Saratani ya matiti yenye vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazoidaka homoni, hujilisha kwa estrojeni hiyo. Dawa za anastrozoli (miligramu 1), letrozoli (2.5) na eksemestani (25) hukizuia kimeng'enya hicho. Unapewa mojawapo, kidonge kimoja kila siku, kwa kawaida miaka 5, wengine zaidi. Eksemestani imezwe baada ya kula. Hizo nyingine, ushibe au usishibe ni sawa. Ukisahau, meza unapokumbuka, ila kama kijacho kimekaribia, ruka. Usimeze viwili.

Wa kuangaliwa kwa makini ni yule ambaye hedhi yake ilikatwa na kemotherapi. Kutoona damu peke yake hakutoshi: ovari zinaweza kuamka, na dawa hizi huzichokoza, maana ubongo ukihisi estrojeni imeshuka huzihimiza zifanye kazi. Apimwe homoni kwenye damu. Damu ikitoka tena, amwambie daktari mara moja.

Kinachowakimbiza wengi ni viungo. Unaamka vidole havikunji, kufungua kifuniko cha chupa ni kazi, magoti yanagoma ukiinuka. Ukizungukazunguka kidogo vinalegea. Hali hii huanza wiki au miezi michache baada ya kidonge cha kwanza. Kukaa ukipumzika huikaza zaidi. Kutembea kwa haraka na kunyanyua uzito mdogo husaidia kweli. Isipotulia, daktari anaweza kubadilisha dawa, kwani anayeshindwa na letrozoli huenda akaivumilia eksemestani. Kuacha kimyakimya ndiyo hasara, kwa kuwa estrojeni hurudi na kliniki haina habari.

Estrojeni ikishuka, mifupa nayo hupungua uimara. Haiumi inapopungua, hivyo ipimwe kwa DEXA (picha ya eksirei ya kupima uimara wa mifupa) mwanzoni, kisha kila baada ya mwaka 1 au 2. Kalsiamu ifike takriban miligramu 1,200 kwa siku, chakula kikihesabiwa, pamoja na vitamini D. Ukiandikiwa dripu ya asidi ya zoledroniki, dawa ya kulinda mifupa, pita kwanza kwa daktari wa meno: jino liking'olewa katikati ya matibabu hayo, taya linaweza kukataa kupona.