Mota iliyoharibika ikiwa rafuni

Leo kabla ya zamu kupokezana niliingia stoo na kipande cha chaki. Nikazungusha kwa mkono shafti za mota zote za akiba, nikachora mstari kwenye ncha ya kila moja ili mwezi ujao nijue niliiacha imeelekea wapi. Zipo 11. Haikuchukua hata nusu saa, na inaniuma kwamba sikuwahi kuifanya kazi hii.

Wiki 3 zilizopita mota ya pampu ya maji ya kupozea iliungua usiku. Kompyuta ilisema tunayo ya akiba: idadi 1, rafu ya chini. Nilishusha pumzi. Mafundi wakaifunga, uzalishaji ukarudi kabla ya alfajiri. Siku ya nne beringi, zile pete za chuma zenye gololi zinazobeba shafti, zikaanza kulia.

Tulipoifungua tulikuta njia za gololi zina vishimo vidogo, vimeachana kwa nafasi ileile ya gololi zenyewe, na ndani yake unga mwekundu kama kutu. Mota mpya, iliyotoka stoo juzi! Vishimo vile ilivipata imekaa. Rafu yake iliegemea ukuta wa chumba cha kompresa, na ukuta ule hutetemeka usiku na mchana. Shafti isipozunguka, gololi hubaki palepale zikitikiswa. Grisi husukumwa pembeni, chuma husuguana na chuma na kulika taratibu. Kwa miaka 4 nilihesabu mota ile kila mwisho wa mwaka, nikaandika 1, nikaendelea.

Tangu siku hiyo sihesabu tu, nashika. Sili za mpira za mwaka wa nyuma sana zilikuwa zimekakamaa, ukizikunja zinapasuka. Mikanda tuliyoitundika kwenye misumari imevunjika kiuno pale iliponing'inia. Beringi kubwa nimezilaza, zote zibaki kwenye karatasi zake za mafuta (vijana wana tabia ya kuzifungua ili wasome namba, na vidole vyenye jasho vinaacha kutu).

Kuna mazungumzo sasa ya kupunguza akiba, hasa spea ambazo hazijatoka kwa miaka. Naelewa kwamba ni fedha zilizolala. Lakini mota hii tukiagiza leo inafika baada ya wiki 12, na pampu ile ikisimama hakuna mashine inayopoa. Nimeomba kila spea ipimwe kwa maswali hayo mawili, inachukua muda gani kufika na nini kinasimama isipokuwepo, kabla ya kuangalia mara ya mwisho ilitoka lini. Sijajibiwa bado.

Kesho tunahamisha rafu ya mota upande wa pili, mbali na kompresa. Kijana wa zamu aliniuliza chaki ni ya nini. Nikampa beringi ya mota ile iliyoharibika, imekatwa na ipo mezani kwangu, nikamwambia apitishe ukucha kwenye njia ya gololi. Alipitisha mara mbili, akaomba chaki.