Kuijaza Timu Kabla ya Jumamosi

Kila Alhamisi usiku, baada ya mazoezi, katibu wa mechi wa klabu yetu ya raga hutuma orodha ya majina katika kundi la WhatsApp, na tangu dakika hiyo mpaka Jumamosi mchana kazi yake huwa ni moja tu, nayo ni kuhakikisha kwamba orodha ile haishuki chini ya watu kumi na watano. Hushuka. Mmoja amebadilishiwa zamu kazini, mwingine mtoto wake ameamka na homa, wa tatu goti lake limevimba tangu mechi iliyopita na alikuwa akitumaini tu kwamba uvimbe ungepungua. Kufikia Ijumaa adhuhuri tumebaki kumi na watatu. Hapo ndipo katibu huyu, mzee fundi bomba aliyestaafu ambaye hajacheza raga tangu miaka ya tisini, hukaa mezani na daftari lake la namba za simu akiwatafuta aliocheza nao zamani, watoto wao, na wakwe zao.

Ninaiandika habari hii kwa sababu ndugu na marafiki wa Mombasa huniuliza mara kwa mara ni raga gani hii ninayoicheza Uingereza, na nikiwaeleza kwa simu nasikia kabisa kwamba picha iliyomo akilini mwao ni ya uwanja wa Twickenham, taa, kamera na watu elfu themanini. Mimi nacheza katika ligi iitwayo Counties 3 Kent, yaani ligi ya kaunti ya Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, katika ngazi ya tisa kutoka juu. Juu kabisa iko Premiership, ambayo tangu 2025 huitwa Prem, na wachezaji wake hulipwa mishahara. Chini yake huja ligi ya pili, kisha National 1 na National 2, kisha ligi mbili za kimkoa ziitwazo Regional, na baada ya hizo ndipo zinaanza ligi za kaunti, 1, 2 na 3. Zipo kaunti ambazo hushuka zaidi, mpaka 4 na 5. Majina haya ya Regional na Counties ni ya mwaka 2022, chama cha raga cha Uingereza kilipozipanga upya ligi zake na kutaka, pamoja na mengine, kupunguza safari ndefu za timu ndogo. Kabla ya hapo ngazi yetu ilikuwa na jina lingine, na wazee wa klabu wangali wanaiita kwa jina hilo.

Habari ya safari huwashangaza sana watu wa nyumbani. Timu ya Mombasa ikipangiwa mechi Kisumu au Kakamega hulala njiani, ikafika asubuhi miguu imekufa ganzi, ikacheza, ikarudi. Sisi safari yetu ndefu ya ugenini ni kama saa moja na nusu, kila mtu katika gari lake au watatu watatu kwa kuchangia mafuta. Hata hivyo nimeona wazi kwamba umbali mfupi hauwaleti watu uwanjani peke yake, na kwamba ligi hii ya vijiji na miji midogo inasimama au kuanguka kwa yule mtu mwenye daftari.

Ami yangu aliniuliza mwaka wa kwanza, kwa sauti ya mtu anayetaka kunifurahia, "Wanakulipa kiasi gani, mwanangu?" Nilimwambia, "Ami, mimi ndiye ninayelipa." Ni kweli: kila mchezaji hulipa ada ya uanachama ya mwaka, na siku ya mechi hutoa pauni chache zinazosaidia kununua chakula cha wageni, chokaa ya kuchorea mistari na maji ya moto ya bafuni. Ligi yetu ni ya ridhaa kabisa, na neno hilo lina historia nzito katika mchezo huu. Mwaka 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga na chama cha raga kwa sababu zilitaka kuwafidia wachezaji wao, wachimba migodi na vibarua wa viwandani, mshahara waliokatwa kwa kuacha kazi Jumamosi ili wacheze. Chama kilikataa. Waliojitenga wakawa na mchezo wao mwingine, raga ya wachezaji kumi na watatu, na raga ya kumi na watano haikuruhusu malipo mpaka Agosti 1995, miaka mia moja kamili baadaye. Nikiwatazama wenzangu, seremala, dereva wa lori la maziwa, mwalimu wa hesabu, kijana wa duka la matairi, na mimi muuguzi, naona kwamba swali lile la 1895 halijafungwa huku chini: Jumamosi ya mfanyakazi ni ya nani?

Jibu moja nililiona Aylesham. Watu wengi hawajui kwamba Kent, kaunti wanayoiita bustani ya Uingereza kwa matufaha na mashamba yake, ilikuwa na migodi ya makaa ya mawe. Makaa yaligunduliwa mwaka 1890 karibu na Dover, mahali palipokuwa pakichimbwa njia ya chini ya bahari kuelekea Ufaransa, na katika miaka iliyofuata migodi minne ikadumu: Chislet, Tilmanstone, Betteshanger na Snowdown. Huo wa mwisho ulikuwa na kina cha zaidi ya mita 900 na joto kali kiasi kwamba watu walichimba karibu uchi. Wachimbaji walitoka Wales, Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, baadhi yao wakiwa wamenyimwa kazi kwao baada ya mgomo mkuu wa 1926, na kijiji cha Aylesham kikajengwa mwishoni mwa miaka hiyo ya ishirini ili kuwapa makao. Watu wa Wales walikuja na raga yao. Mgodi ulifungwa mwaka 1987, lakini klabu bado ipo, na bado inaitwa Snowdown Colliery Welfare, jina la mgodi na jina la mfuko wa ustawi wa wachimbaji, na imekuwa ikicheza katika ngazi hizi za chini za Kent. Mara ya kwanza nilipofika pale nilisimama kando ya uwanja nikafikiri juu ya mgodi uliokufa na timu iliyobaki, na sikupata neno la kumwambia mtu yeyote.

Nirudi kwenye daftari, kwa maana hesabu yake si ya watu kumi na watano tu. Katika raga, skramu ni watu wanane kwa wanane waliofungana mabega na kusukumana, na uzito wote huo hupitia shingo na migongo ya watatu wa safu ya mbele. Kwa hiyo sheria inataka watatu hao wawe wamefunzwa kazi hiyo. Ukiwa na kikosi cha watu 16 mpaka 18 ni lazima uwe na wanne wa namna hiyo, na wakiwa 19 mpaka 22 wanahitajika watano. Wasipokuwepo, mwamuzi huamuru skramu zisisukumwe: pande zote mbili huinama, mpira huingizwa, na aliyeuingiza huutoa bila kupingwa. Ni salama, lakini mchezo hupungukiwa na kitu. Mimi ni mmoja wa safu hiyo ya mbele, nina umri wa miaka 41, na ndiyo maana simu ya Ijumaa huanza kwangu. Naijua sauti ile. Hanisalimu kwanza kwa habari za kazi wala za watoto, huuliza, "Shingo yako ikoje?"

Chama cha raga kimelitambua tatizo hili, na miaka michache iliyopita kikaweka utaratibu uitwao Game On kwa ngazi za chini. Manahodha wawili wanaweza kukubaliana kucheza kwa idadi ndogo iliyo sawa, mradi isipungue kumi kwa kila upande, wanaweza kufupisha muda, wanaweza kubadilisha wachezaji kadiri wapendavyo, na matokeo bado yanahesabiwa. Wako watu wanaosema kwamba huko ni kuishusha hadhi ligi. Sikubaliani nao hata kidogo. Msimu wa 2020–21 haukuchezwa kwa sababu ya korona, na waliokaa nyumbani mwaka mzima hawakurudi wote. Wengine waligundua kwamba Jumamosi ina mambo mengine. Ligi inayongoja kumi na watano kamili kila wiki itazizika klabu nyingi za vijijini.

Mabadiliko ya pili niliyoyaona ni ya Julai 2023, pale kimo halali cha kumkaba mtu, yaani kumkamata mwenye mpira na kumwangusha, kiliposhushwa katika raga yote ya jamii mpaka chini ya mfupa wa kifua. Januari mwaka huo walikuwa wametangaza kiunoni, kukazuka kelele nchi nzima, wakarekebisha. Mimi kama muuguzi nilifurahi tangu mwanzo. Nimekwisha kumshika mkono kijana wa miaka kumi na tisa aliyeniuliza mara nne katika dakika tano ni nani anayeongoza, na jibu nililompa mara zote nne lilikuwa lile lile. Sasa mwenye dalili kama hizo za mtikisiko wa ubongo hutolewa mara moja, na hawezi kurudi kwenye mechi kabla ya siku 21. Wiki tatu bila mchezaji ni pigo kwa daftari la katibu, lakini sijamsikia hata siku moja akimwomba mtu arudi mapema.

Tumewahi kushindwa kuijaza timu. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, saa tatu asubuhi, tukiwa tisa. Katika hali hiyo wapinzani hupewa ushindi bila kutoka jasho, nayo timu iliyoshindwa kufika inaweza kukatwa alama. Jambo hilo hufanyika kwa simu mbili na barua pepe moja. Katibu hakuridhika na simu. Aliniambia, "Twende," tukaenda kwa gari lake dakika hamsini mpaka kijiji cha wale tuliokuwa tucheze nao. Tulikuta uwanja umefyekwa, mistari imechorwa asubuhi ile ile, ing'aayo na mibichi bado, vibendera vinne vya pembeni vimesimama, na jikoni sufuria kubwa ya viazi iko juu ya moto. Hakuna aliyetufokea. Mwenyekiti wao alitupa chai. Katibu wetu alivua kofia yake, akaomba radhi kwa kila aliyekuwa mle ndani, mmoja mmoja, pamoja na mama aliyekuwa akimenya viazi, na wakati wa kurudi hakusema neno mpaka tulipofika kwetu. Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba kufungwa alama sabini ni jambo dogo. Ukifungwa sabini umewapa wenzako Jumamosi yao. Usipokwenda umewanyang'anya, pamoja na mwamuzi aliyeendesha gari saa nzima kwa malipo yasiyozidi nauli.

Mwaka 2025 mwezi wa Ramadhani uliingia hapa siku ya Jumamosi, tarehe 1 Machi, na tulikuwa na mechi nyumbani. Nilikuwa nimemwambia katibu mapema kwamba siku za funga sitacheza, akaandika daftarini bila kuuliza swali. Ilipofika saa sita mchana tulikuwa kumi na wanne. Nahodha wa wageni aliitazama safu yetu ikijinyoosha, akamwita mmoja wa watu wake, akamwambia ataanzia nje, na mechi ikaanza saa tisa kwa kumi na wanne dhidi ya kumi na wanne. Mimi nilipewa bendera ya mwamuzi wa pembeni. Tulifungwa 31 kwa 24. Lakini tulikuwa tumepata trai nne, yaani mara nne tumeugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli lao, ambazo zina alama yake ya ziada, na tofauti haikuzidi alama saba, ambayo nayo ina alama yake, kwa hiyo tukaondoka na alama mbili za ligi tukiwa tumeshindwa. Katika jedwali la chini namna hii alama mbili si kitu cha kutupa.

Baada ya mechi wenyeji huwalisha wageni, na desturi ni soseji za nguruwe na chipsi. Mama wa jikoni alikuwa ameniwekea sahani ya pai ya samaki ndani ya oveni na kuifunika, akabandika karatasi yenye jina langu. Nilikaa nikingoja. Wenzangu wa safu ya mbele, ambao walikuwa na njaa kama simba, walikaa nami na sahani zao mbele yao bila kugusa, na nilipowahimiza waanze kula hawakunijibu. Saa kumi na moja na nusu na dakika chache jua lilizama nyuma ya miti ya upande wa barabara. Nilitoa tende nilizokuja nazo mfukoni, nikazigawa zilizokuwepo, tukala. Katibu alichukua ya kwake, akaisifu, akafuta vidole, kisha akalifungua daftari na kuanza kuuliza ni nani atakuwepo Jumamosi ijayo.