Kufanyia Kazi Nyumbani Hakupunguzi Kazi ya Kulea

Tangu likizo yangu ya uzazi ilipokwisha nikarudi kwenye kazi ninayoifanyia nyumbani, nimepokea pongezi nyingi kwa bahati ya kupata mshahara huku nikimlea mwanangu. Wanaonipongeza wana nia njema, na ni bahati kweli kutolazimika kuondoka alfajiri na kurudi jioni kumkuta mtoto amekwisha kulala. Hata hivyo, ndani ya pongezi hizo mna dhana inayowaelemea wazazi wengi, hasa akina mama, kwamba aliye nyumbani ana nafasi ya kumtunza mtoto saa zote za kazi. Wahenga waliposema kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, waliihesabu kazi hiyo kuwa kazi kamili. Nami naamini kwamba mzazi anayefanyia kazi nyumbani anahitaji mtu wa kumsaidia malezi kama anavyomhitaji yule anayekwenda ofisini.

Siku ya mtoto mchanga yenyewe inatosha kuwa ushahidi. Kwa kawaida hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, na kila mara huhitaji pia kucheulishwa, kubadilishwa nepi na kubembelezwa. Hulala kati ya saa 14 na 17 kwa siku, na asiyewahi kulea akisikia idadi hiyo hudhani kwamba mzazi anabakiwa na muda tele, ilhali usingizi huo huja vipande vipande, kwa sababu katika miezi ya mwanzo mwili wa mtoto bado hautofautishi usiku na mchana. Kilio nacho huongezeka wiki baada ya wiki, hufikia kilele kwenye wiki ya 6 hivi, kisha hupungua kuelekea mwezi wa tatu na wa nne. Mama anayetakiwa kurudi kazini mapema, hata kama kazi yenyewe iko chumba cha pili, huanza ajira yake upya katika kipindi kilicho kigumu kuliko vyote.

Ndiyo maana naona swali la likizo lisisahauliwe kwa kisingizio cha kufanyia kazi nyumbani. Mkataba Namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na pendekezo lililoambatana nao linashauri ifike wiki 18. Mkataba huohuo unampa mama haki ya mapumziko ya kunyonyesha, au kupunguziwa saa za kazi, na muda huo unahesabiwa kuwa muda wa kazi wenye malipo. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Kati ya wiki 14 na miezi 6 kuna pengo la karibu miezi mitatu, na hapo ndipo kufanyia kazi nyumbani kunapokuwa na faida kubwa kabisa, mradi mapumziko ya kunyonyesha yaandikwe katika makubaliano na mwajiri, asije mama akayaiba kati ya kikao na kikao kwa hofu ya kuonekana mvivu.

Nyumbani kwetu, jambo lililobadilisha siku zetu ni kukabidhiana mtoto kwa maneno yaliyo wazi. Tukisema kwamba kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana mtoto yuko mikononi mwa baba yake, au bibi yake siku anazoweza kuja, basi muda huo yeye ndiye anayeamua kama mtoto avuliwe sweta au apelekwe nje kupunga hewa, nami ninaitwa kwa ajili ya kunyonyesha tu. Kukabidhi nusunusu, yaani mlezi yupo lakini kila uamuzi unaletwa mlangoni kwa mama, huchosha kuliko kutokuwa na mlezi kabisa. Nimeona pia, na jambo hili linanigusa sana, kwamba baba akifunga mlango wa chumba cha kazi watu wote hunyamaza, lakini mama akifunga mlango huohuo hugongewa aulizwe nepi ziko wapi. Heshima ya mlango uliofungwa inapaswa kuwa moja kwa wote wawili.

Kazi zenyewe nazo tumezigawa kwa kuangalia umakini zinaohitaji. Kuandika ripoti, kufanya hesabu au kuongoza kikao ni kazi za saa ambazo mtoto yuko kwa mtu mwingine. Kusoma nyaraka na kujibu barua pepe kunaweza kukatishwa na kuendelezwa bila hasara kubwa. Msimamizi akielezwa mapema ni saa zipi mfanyakazi anapatikana kwa simu, na kazi ipi itakamilika siku gani, mara nyingi hujali zaidi kazi iliyofika kwa wakati kuliko taa ya kijani inayoonyesha kwamba mtu yuko mtandaoni.

Liko jambo ambalo halipangiki kwa ratiba, nalo ni mwili wa mama. Sauti ya mtoto anayelia nyuma ya ukuta inaweza kuyafanya maziwa yaanze kutoka hata kama mama yuko katikati ya kikao, na maziwa huendelea kutengenezwa kadiri yanavyotolewa. Kwa hiyo siku ambayo mtoto amelishwa na mwingine kwa sababu kikao kimerefuka, inafaa mama akamue karibu na wakati huohuo. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa salama kwa muda usiozidi saa 4 katika joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, hadi siku 4 ndani ya friji, na kwa takriban miezi 6 yakigandishwa. Yakishayeyushwa kwenye friji hutumika ndani ya saa 24 wala hayagandishwi tena.

Mama wa mtoto mchanga hushauriwa alale mtoto anapolala, naye anayefanyia kazi nyumbani huambiwa afanye kazi mtoto anapolala, kisha vyombo na nguo chafu nazo husubiri usingizi huohuo. Haiwezekani saa moja itumike mara tatu, na kinachoachwa mara nyingi huwa ni mapumziko ya mama. Uchovu huo una hatari inayoonekana: mzazi anayefanya kazi kwenye kochi huku mtoto amelala kifuani anaweza kupitiwa na usingizi bila kujua, na kochi ni mojawapo ya mahali pa hatari zaidi kwa mtoto kulala. Mtoto alazwe chali, mahali pake, juu ya godoro gumu lililo tambarare na lisilo na mito. Iko pia hatari isiyoonekana kwa wengine. Huzuni ya siku za mwanzo baada ya kujifungua kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2. Ikipita hapo, au mama akiona hawezi kufurahia chochote, amwone mhudumu wa afya bila kungoja. Anayefanyia kazi nyumbani anaweza kumaliza wiki nzima bila mtu mzima yeyote kumtazama usoni na kugundua kwamba hali yake si njema.

Wapo wanaodhani kwamba msaada huu ni wa miezi michache tu, kisha mtoto akikua mambo yatakuwa mepesi. Usiku huenda ukawa mwepesi, lakini mchana hugeuka. Kuanzia miezi 6 mtoto huanza kulishwa vyakula vingine, akiendelea kunyonya, na baada ya hapo huanza kutambaa na kushika kila anachokifikia, nyaya za kompyuta zikiwemo. Kwa sababu hiyo tumeanza kuzungumza na bibi yake kuhusu kuongeza saa zake za mchana, ili mpango uwe tayari kabla mtoto hajaanza kutambaa.