RNA ya mkojo huharibikia kwenye kopo

Majibu ya kipimo cha mkojo cha jeni za saratani ya kibofu yakija ya ajabu, watu hukimbilia kuikagua mashine. Anza na kopo. Mkojo una vimeng'enya vinavyokatakata RNA (nakala zinazotolewa na jeni), na seli zilizobanduka kwenye ukuta wa kibofu hufia humo humo. Ndiyo maana hata mkojo wa kwanza wa asubuhi, uliolala kibofuni usiku kucha, haupendwi kwa kuangalia seli.

Kinachopimwa si jeni yenyewe, maana kila seli inayo, bali nakala za RNA inazotoa ikiwa kazini. Xpert Bladder Cancer Monitor, inayotumia mashine zile zile za GeneXpert tulizozizoea kwenye TB, husoma tano: ABL1, CRH, IGF2, UPK1B na ANXA10. ABL1 ni ya kuhakikisha kwamba seli za binadamu zimetosha. Ikikosekana, jibu ni batili, wala usiandike hasi. Geuza kopo taratibu mara kadhaa kwanza, kwa kuwa seli hutuama chini, kisha hamishia mililita 4.5 kwenye chupa yenye kitendanishi cha kuhifadhi. Saa moja isipite. Mashine yenyewe inachukua dakika 90 hivi.

Mnaojipimia kwa PCR ya kawaida, njia ya kuzidisha nakala mzunguko baada ya mzunguko mpaka zionekane, mna kazi zaidi. Tuseme jeni mnayoitafuta imeonekana mzunguko wa 29 na jeni ya kulinganishia, inayotarajiwa kubaki ile ile, wa 26: tofauti ni 3. Kama kipimo kilichopita tofauti ilikuwa 6, jeni imepanda mara 8, kwa sababu kila mzunguko huzidisha nakala mara mbili. Hesabu hiyo inasimama tu iwapo jeni ya kulinganishia haiyumbi, na GAPDH, mojawapo ya jeni za kulinganishia, huyumba kwenye saratani. Tumia mbili au tatu. Weka pia kisima (kitundu cha kupimia) kisicho na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Kikiwaka, mnasoma DNA iliyochafua sampuli.

Mkojo vilevile huweza kuizuia PCR. Punguza sampuli mara 10 uipime tena: inatakiwa ichelewe mizunguko 3.3 hivi. Ikichelewa mmoja tu, au ikawahi, kuna kizuizi ndani, na namba ya mwanzo ilikuwa ya uongo.

Halafu kuna inflamesheni, yaani kibofu kuvimba na kuwaka bila saratani. UTI au mawe huleta seli nyeupe tele, na RNA yake huingia kwenye hesabu. Waliotengeneza Cxbladder, kipimo kingine cha RNA ya mkojo, wa New Zealand, waliliona hilo: pamoja na MDK, HOXA13, IGFBP5 na CDK1, wakaweka CXCR2, jeni ya seli nyeupe, ili mkojo wa inflamesheni utambulike. Mimi hiyo naiona ndiyo jeni ya busara kuliko zote katika kundi lile.

Kwetu kuna kichocho. Saratani inayofuatana nacho mara nyingi ni ya seli bapa, wakati vipimo hivi vimejengwa hasa juu ya ile inayoanzia kwenye utando wa kawaida wa kibofu. Mtu wa kando ya ziwa au wa Pwani anayekojoa damu, jibu lake la jeni likiwa hasi, bado anahitaji sistoskopi (kuchunguliwa kibofu kwa kamera), na asiwekwe mwisho wa foleni.