Viboko kwa asiye na hatia

Kwaresima hii nimekwama kwenye Luka 23, sura ya kesi ya Yesu mbele ya Pilato, mtawala wa Kirumi. Kazi yangu ni ukarani wa mahakama ya mwanzo, kwa hiyo nikiisoma sura ile macho yanatafuta yale yale ninayoyatafuta kazini: mashtaka ni yapi, nani kashuhudia nini, hakimu kaona nini, kaamua nini.

Mashtaka ni matatu, yako mstari wa 2. Kwamba analipotosha taifa, anawazuia watu wasimlipe Kaisari kodi, na anajiita Kristo, mfalme. Hilo la kodi ni uongo mtupu. Sura ya 20 inaeleza alivyowajibu hadharani watu waliotumwa kumtega: vya Kaisari mpeni Kaisari. Mashahidi wa utetezi wangeujaza ua mzima wa Pilato. Hakuitwa hata mmoja.

Pilato anatamka kwamba haoni hatia. Anampeleka kwa Herode, na Herode naye anamrudisha bila kumwona na kosa. Pilato anatamka tena. Kwa utaratibu ninaoujua mimi, hapo mshtakiwa hana kesi ya kujibu na anaachiwa aende zake. Lakini mstari wa 16 hakimu huyo huyo anasema kwamba, kwa hiyo, atamrudi, kisha atamfungua. Amrudi kwa lipi? Viboko vya nini, kwa mtu ambaye wewe mwenyewe umetamka sasa hivi kuwa hana hatia?

Mahubiri ya Ijumaa Kuu niliyoyasikia tangu utotoni yanausema umati, yanamsema Baraba, yanayasema maji ya kunawa mikono yaliyo katika Mathayo. Juu ya mstari wa 16 sikumbuki mahubiri yoyote. Nami naamini haki ilifia pale. Waliokuwa wakipiga kelele walisikia kwamba hakimu yuko tayari kumpiga asiye na kosa ili wao watulie. Tangu hapo kilichobaki ni kupatana bei tu, na kufika mstari wa 24 wamepata walichokitaka.

Wala Pilato hakuwa mpole wa kuonewa huruma. Luka 13 inataja Wagalilaya ambao damu yao aliichanganya na dhabihu zao. Aliitawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, na askari alikuwa nao. Yohana ndiye anayeeleza kilichomtetemesha: aliambiwa kwamba akimfungua mtu huyu, yeye si rafiki yake Kaisari. Alikuwa akilinda kiti. Kiti chenyewe kilikuja kumponyoka kwa sababu ya mauaji ya Wasamaria, akaagizwa Roma kwenda kujieleza.

Naandika haya kwa sababu ya shangazi yangu. Alikuwa mhazini wa umoja wa wanawake katika usharika ambao sitautaja. Baada ya sikukuu ya mavuno, fedha za mnada zilipungua kuliko hesabu iliyotangazwa. Maneno yakaanza. Kitabu chake cha stakabadhi nimekishika kwa mikono yangu. Kila karatasi ina nakala yake ya kaboni, namba hazikuruka, na pale alipokosea amekata mstari mmoja na kutia saini pembeni. Ukurasa wa mbuzi ndio unaoeleza yote. Aliyeshinda mnada alimchukua kwa ahadi. Jina lake liko pale, kiasi kipo, na mbele yake shangazi ameandika "bado".

Wazee wa kanisa walikiona kitabu hicho. Walimwambia uso kwa uso, "Mama, sisi hatuoni kosa lako." Kisha wakamtaka aachie uhazini na asishiriki Meza ya Bwana kwa muda, ili washarika watulie kwanza. Ikasomwa kwenye matangazo, jina lake kamili, bila sababu. Sababu watu wakajitungia wenyewe. Jirani aliyekuwa akimwachia funguo za nyumba akisafiri aliacha kufanya hivyo.

Nilimuuliza, "Shangazi, mbona hukukata rufaa kwa mchungaji?"

Akanijibu, "Mwanangu, ningemwambia nini? Walishaniambia sina kosa."

Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya Tanzania inakataza mshtakiwa wa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Hilo tunaidai serikali. Sisi tunaokiri Jumapili kwa Jumapili kwamba Bwana aliteswa zamani za Pontio Pilato, tudaiwe pungufu ya hapo?

Jibu nimelisikia: amani ya usharika. Najua wazee walikuwa na hofu ya kweli, kuna familia zilitishia kuhama. Ila amani hiyo ililipiwa na mtu mmoja ambaye hakuulizwa. Na kuna dada wawili watatu walimfuata nyumbani kumtia moyo kwamba aubebe msalaba wake kama Yesu. Maneno hayo siyakubali. Yesu alisema katika Yohana 10 kwamba uhai wake hakuna mtu anayemwondolea, anautoa mwenyewe. Msalaba wa namna hiyo hapangiwi mtu na kikao.

Mwenye mbuzi alilipa kabla ya Krismasi, hesabu zikalingana hadi shilingi ya mwisho. Shangazi akaambiwa kwa simu kwamba anaweza kurudi Mezani. Kanisani haikutangazwa. Kwa hiyo nimeliandikia baraza la wazee kuomba jambo moja: isomwe kwenye matangazo ya Jumapili, kwa jina lake kamili kama mwanzo, kwamba fedha zote zipo na kwamba hakuwa na kosa tangu siku walipokiona kitabu. Ofisi ya usharika imeipokea barua na kuigonga muhuri, nakala ninayo. Kikao ni baada ya Pasaka.