Siku moja maishani mwangu: kumtambua E. coli mwenye sumu

Saa 1:30 asubuhi. Sahani za jana zinatoka kwenye inkubeta baada ya saa 18 hadi 24 kwenye nyuzi 37. Ni choo cha watoto wanaoharisha, kilichopandwa kwenye agari ya MacConkey, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria. Koloni (madoa ya bakteria walioota) za waridi, bapa na kavu, ndizo za E. coli. Kuziona si habari, maana bakteria hawa wamo tumboni mwa karibu kila mwenye afya. Daktari anataka kujua kama huyu aliyeota hapa amebeba jeni za kuumiza, na hilo jicho halijibu.

Saa 2:00. Tunaokota koloni 5 kwa kila sahani. Ukiokota moja, unaweza kumpata mkaazi mpole wa utumbo huku mwenye sumu akibaki pembeni kwa rangi ileile. O157:H7, aina mojawapo ya E. coli wenye sumu, hujitofautisha kidogo: kwenye agari yenye sukari ya sorbitoli badala ya laktosi hubaki bila rangi. Lakini wapo wengine wenye sumu ya Shiga wanaochachua sorbitoli vizuri tu, kwa hiyo sahani hiyo isikutulize.

Saa 2:40. Kila koloni inakorogwa kwenye maikrolita 200 za maji safi, inachemshwa dakika 10, inapozwa kwenye barafu, kisha inazungushwa kwenye sentrifuji dakika 5. DNA iko kwenye maji ya juu. Hapa ndipo kazi huharibika: mtu anachota pamoja na kipande cha agari, au anazamisha pipeti hadi kwenye mashapo. Chumvi za nyongo zilizomo kwenye MacConkey huzuia kimeng'enya cha PCR (kipimo kinachonakili jeni mara nyingi hadi ionekane), na kipimo kilichozuiwa husomeka hasi, sawa kabisa na cha bakteria asiye na madhara. Ndiyo maana kila sampuli hupata pia mrija wa pembeni wa jeni ya 16S, ambayo bakteria wote wanayo. Isipotokea, hakuna jibu la kutoa. Rudia.

Saa 4:00. Kila mrija una maikrolita 25: mchanganyiko wa PCR 12.5, praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoitafuta jeni) sita za 0.5 kila moja, maji 7.5, DNA 2. Praima ni za stx1 na stx2, jeni za sumu ya Shiga, na eae, jeni ya kujishikiza utumboni. Kwa kulinganisha, mrija mmoja una DNA ya EDL933, O157:H7 mwenye zote tatu, mwingine ya K-12, E. coli asiye na hata moja, wa tatu maji matupu. Mrija wa maji ukitoa mstari kwenye jeli, mzunguko wote unatupwa. Mashine: nyuzi 95 dakika 5, kisha mara 35 za nyuzi 95, 60 na 72.

Inapozunguka, ni vizuri kujua inatafuta nini. Jenomu ya K-12, mpole wa maabara, ilisomwa mwaka 1997: jozi za besi (herufi za DNA) milioni 4.6. Ile ya EDL933, O157:H7 wa mlipuko wa ugonjwa Marekani wa 1982, ilisomwa 2001: milioni 5.5. Sehemu kubwa ya DNA yao inafanana. O157 ameongezewa vipande hapa na pale, vyenye jeni zaidi ya 1,300 ambazo K-12 hana. Jeni za stx zililetwa na faji, yaani virusi vya bakteria. Jeni ya eae iko kwenye kipande kiitwacho LEE, na kazi yake inanishangaza hadi leo. Bakteria huichoma seli ya utumbo kwa sindano ya protini na kuingiza protini yake iitwayo Tir. Tir hujipachika kwenye utando wa seli, kisha intimini, protini ya eae, huikamata. Ni kama mgeni anayepigilia msumari ukutani kwako ndipo atundike mzigo wake.

Ila eae ikikosekana usipumue. Kwenye mlipuko wa ugonjwa Ujerumani mwaka 2011, E. coli aitwaye O104:H4 hakuwa nayo. Alikuwa na plasmidi (kiduara cha DNA ya ziada) ya kujishikiza na faji wa stx2, na watu zaidi ya 50 walikufa.

Saa 8:00 mchana. Jeli ya agarosi ya asilimia 2, volti 100, dakika 50, hutenganisha nakala za DNA kwa urefu, zikaonekana kama mistari. Stx1 hutokea kwenye jozi za besi 180, stx2 kwenye 255, eae kwenye 384. Ukipika jeli ya asilimia 1, mistari miwili ya chini inakaribiana mno kusomeka. Koloni yenye eae peke yake inapelekwa kupimwa bfpA, jeni ya aina nyingine ya E. coli wa kuharisha. Zisizo na chochote zinapimwa elt na est (jeni za sumu za LT na ST) na aggR (ya E. coli wanaojishikiza kwa makundi), na hatua hii isirukwe kwetu: utafiti wa GEMS wa 2013, uliohusisha pia magharibi mwa Kenya, uliwataja E. coli wenye sumu ya ST miongoni mwa visababishi vikuu vya kuhara kukali kwa watoto wadogo.

Saa 10:00 jioni. Stx ikionekana, tunapiga simu wodini kabla ya kuandika karatasi. Baadhi ya antibiotiki hujeruhi DNA ya bakteria. Faji aliyelala huamka, huzaliana, na sumu huongezeka pamoja naye. Figo za mtoto ndizo zinazoumia.

Mwisho, bakteria wanahifadhiwa kwenye gliseroli ya asilimia 20, nyuzi 80 chini ya sifuri, wakichotwa kutoka sahani ya kwanza. Ukiwahamisha sahani hadi sahani, faji na plasmidi huweza kupotea, na aliyekuwa chanya leo atasomeka hasi mwezi ujao.