Yoyote na Yote

"Mjomba, hapa ulikosea? Mbona umekatakata?"

Mpwa wangu alikuwa ameingia uvunguni kutafuta ndala, akatoka na kaunta buku. Lile jekundu. Gamba limetafunwa na mende, kurasa zimeshikana kwa unyevu wa Tanga yetu hii, na ndani, kwenye sheria za langalanga, zile mbio za magari za Formula One, hakuna ukurasa ambao haujapigwa mstari. Mshindi pointi 10, wa pili 6: kata. Wa pili 8, na pointi zifike mpaka mtu wa nane: hiyo 2003, kata. Mshindi 25, wa pili 18: 2010. Mbio za mwisho pointi mara mbili: 2014, nimeweka alama tatu za mshangao, na mwaka uliofuata nimeikata kwa hasira mpaka karatasi imechanika. Pointi moja ya nyongeza kwa mwenye mzunguko wa kasi kuliko wote: 2019. Kata, 2025.

"Sikukosea mimi. Wao ndio walikuwa wanabadilisha."

"Zote hizi?"

Zote hizo, na hapo sijaandika hata nusu. Mtoto ana miaka kumi na moja, mbio za langalanga kazijulia kwenye mchezo wa simu ya mama yake. Wiki nzima alikuwa ananisumbua na DRS, lile bawa la nyuma lililokuwa likifunguka gari lipate kasi ya kulipita la mbele. Lililetwa 2011, mwaka huu wa 2026 limefutwa. Sasa mabawa ya mbele na ya nyuma yote yanabadilika gari likiwa linakwenda, na karibu nusu ya nguvu inatoka kwenye umeme. Yeye ndiyo kwanza ameshajua kulitumia kwenye mchezo wake. Nilimwonea huruma, kisha nikamwonea wivu, maana kwake hii ni mara ya kwanza.

Akafunua ukurasa wa nyuma kabisa. Pale pana sentensi moja tu, na ndani yake nimekata silabi moja. Akauliza hiyo nayo ni nini. Nikamwambia kalete kiti.

Jumapili ya tarehe 12 Desemba 2021. King'amuzi changu kilikuwa kimekata siku mbili kabla, kifurushi kimeisha na mfuko umeisha, nikaenda Ngamiani kwenye banda umiza la Mzee Kiti. Jina lenyewe si lake, tulimpa sisi kwa sababu ya kuhesabu viti vyake kila baada ya robo saa kama kuku. Jana yake Simba na Yanga walikuwa wametoka bila kufungana, kwa hiyo mji mzima ulikuwa na kelele ambazo hazijapata pa kwenda. Mbio za Abu Dhabi zinaanza saa kumi kamili kwa saa zetu. Tulikuwa saba ndani, na babu muuza kahawa mlangoni, na feni moja inayozungusha joto la kaskazi kutoka ukuta huu kwenda ule.

Nilikuwa na kaunta buku kwapani. Vijana wa bodaboda wananiita Mwalimu, na sijawahi kufundisha shule yoyote. Ni kwa sababu ya hilo kaunta buku.

Babu yeye mbio za magari anazijua kwa upande wake. Aliikuta Safari Rally enzi ikiingia mpaka Tanganyika. Anakuhesabia: Bert Shankland wa Dar es Salaam, Peugeot 404, alichukua 1966, akarudi akachukua 1967. Mwaka uliofuata, katika msururu wote ule wa magari, waliofika mwisho ni saba tu. "Sheria ilikuwa moja, mwanangu. Ufike." Najua haikuwa moja. Lakini huwezi kubishana na mtu aliyeshika birika la moto.

Kufika saa kumi na moja, mizunguko imebaki kama ishirini hivi kati ya 58, watu wakaanza kuingia. Wanataka mpira, Leicester na Newcastle. Mzee Kiti akashika rimoti.

"Mgosi, biashara," akaniambia, akiangalia pembeni.

Nikasimama. Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Nikahesabu vichwa, thelathini na moja, kila kichwa jero, elfu kumi na tano na mia tano. Ilikuwa pesa ya Luku, na shemeji yenu alikuwa anaisubiri nyumbani. Nikamwekea mkononi Mzee Kiti, nikawageukia watu nikasema nusu saa tu, jamani, mtaona kitu ambacho hamjakiona, na mimi nitawaeleza kila kinachotokea.

Lile neno la kuwaeleza ndilo lililoniponza.

Mwanzoni nilikuwa mfalme. Nikawaambia madereva wawili, Hamilton na Verstappen, wameingia mbio za mwisho wa msimu wakiwa sawa, pointi 369 na nusu kila mmoja. Kijana mmoja akadakia: nusu imetoka wapi? Nikamweleza ya Ubelgiji, mwezi Agosti mwaka huohuo, mvua ilivyonyesha wakazunguka nyuma ya gari la usalama bila kushindana, wakagawiwa nusu ya pointi za kawaida wakarudi makwao. Banda zima likacheka. "Yaani hawa wanalipwa na kwa kusindikiza?" Lakini wakakaa. Wakaanza kuuliza tairi, wakauliza mafuta, nikafunua kurasa: kujaza mafuta katikati ya mbio kuliruhusiwa 1994, kukapigwa marufuku 2010, mwaka 2005 walikataza kubadili tairi kwenye mbio, 2006 wakaruhusu tena. Mmoja akasema hii ni kama serikali ya mtaa wetu. Hamilton yuko mbele, sekunde kumi na moja hivi, na banda lote sasa ni la Hamilton, hata wale waliokuja kwa Newcastle. Kijana wa bodaboda mbishi mmoja tu akasimama na Verstappen. Tukawekeana soda.

Mizunguko imebaki mitano. Dereva mmoja, Latifi, akagonga ukuta.

Gari la usalama likaingia. Nikawaeleza: sasa wote wanajipanga nyuma yake, hakuna kumpita mtu, sekunde kumi na moja zimeyeyuka. Verstappen akakimbilia kubadili tairi, akatoka na tairi laini mpya. Hamilton akabaki na zile ngumu alizozunguka nazo tangu mzunguko wa kumi na nne, maana akiingia yeye, anaachia nafasi. "Lakini tulieni," nikasema, "tazameni katikati yao." Katikati palikuwa na magari matano, wanyonge walioachwa mzunguko mzima, wamekaa baina ya hawa wawili kama ukuta wa jirani.

Ujumbe ukatokea kwenye skrini kwa Kiingereza. Niliusoma kwa sauti, kisha nikautafsiri polepole, mkono mmoja juu kama hatibu: "Magari yaliyozidiwa mzunguko hayataruhusiwa kupita."

"Maana yake?"

"Maana yake imeisha hiyo. Ukuta unabaki."

Na kwa kujiamini kwa mtu aliyelipa kiingilio cha banda zima, nikafungua ukurasa wa nyuma, nikawasomea kile nilichokuwa nimekinakili kwa mkono wangu. Kwamba hata wakiruhusiwa, magari yoyote yaliyozidiwa yatapita, halafu gari la usalama litatoka mwisho wa mzunguko unaofuata. Nikahesabu kwa vidole. Mizunguko haitoshi. Nikamwambia yule mbishi aanze kutafuta hela ya soda.

Ujumbe wa pili ukatokea.

Nakumbuka niliuona nikanyamaza. Nilidhani macho yangu. Magari matano yametajwa kwa namba, yanaruhusiwa kupita. Na kweli, yale matano yakaanza kuchomoka, moja baada ya jingine, yanampita Hamilton, yanalipita gari la usalama, yanakwenda zake.

"Mwalimu, mbona wanapita?"

"Wanapita, wale watano."

"Si ulisema hawapiti?"

"Walisema wao!"

"Na wale wengine watatu nyuma walioachwa, mbona wao hawapiti?"

Nikatazama kaunta buku. Sijui nilitegemea limeandika nini. Nikasema hao wanabaki. Akauliza kwa nini. Nikasema tutazame.

Gari la usalama likatoka mzunguko huohuo. Umebaki mmoja. Verstappen yuko mgongoni kwa Hamilton, tairi mpya kwa tairi kuukuu, na hata mtu aliyekuja kwa Newcastle aliona kinachokwenda kutokea. Kona ya tano akaingia ndani. Akapita. Hamilton akajaribu kurudi, mara ya kwanza, mara ya pili, hakuweza. Basi.

Banda lilinyamaza. Nasikia feni. Nasikia babu mlangoni anagonganisha vikombe vyake vitupu, che, che, che, kama kawaida ya wauza kahawa, bila haraka, kama vile duniani hakujatokea kitu. Jasho linanitoka mgongoni na kaunta buku limelowa mkononi.

Halafu sauti kutoka benchi la nyuma, ya upole kabisa: "Jamani tumsamehe. Kiingereza ndicho hakimtoshi."

Lilipasuka banda. Walicheka mpaka wengine wakasimama. "Katafsiri kinyume!" "Wamesema wapite, yeye kasema wasipite!" Nilijaribu. Nilisema jamani ulikuwepo ujumbe wa kwanza, mliuona wenyewe. Waliuona, ndiyo, lakini aliyeusoma ni mimi peke yangu. Mtu ambaye kwa miaka kumi na minane aliandika kila sheria na kila badiliko lake alisimama mbele ya watu thelathini na moja aliowalipia kiingilio, wakamwona hajui kusoma.

Mzee Kiti alikwishahamia kwa Leicester. Wakashinda nne bila, nikaambiwa. Nilinunua soda, nikamkabidhi yule mbishi, nikatoka mlangoni kwa babu. Akanimiminia bila kuniuliza.

"Kwani sheria imebadilika," akasema, "au ilikuwa hivyohivyo tangu asubuhi?"

"Ileile, babu. Wameisoma vingine."

Akafikiri. "Aa. Basi heri wangeibadilisha."

Nyumbani nayapitia haraka: giza, maana Luku iliisha saa mbili usiku, na mke wangu hakuuliza nani kashinda. Usiku uleule malalamiko ya timu ya Hamilton yalitupwa, siku chache baadaye wakaacha kukata rufaa. Machi 2022 ikatoka ripoti ya FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi: kosa la kibinadamu, lililofanywa kwa nia njema, matokeo yanabaki. Na kwenye kitabu cha sheria wakarekebisha neno. Palipokuwa na "magari yoyote yaliyozidiwa", sasa pasomeke "magari yote yaliyozidiwa". Nilikaa na kalamu nyekundu mbele ya ule ukurasa wa nyuma kwa muda mrefu. Kwa Kiswahili ni silabi moja tu. Nikakata "yo".

Mpwa wangu akasoma kwa kidole. Yoyote. Yote. Akasoma tena.

"Kwa hiyo zamani ilikuwa wanaweza kuchagua?"

"Hapana. Ndiyo... Ndicho walichobishania."

"Na wewe Mjomba ulikuwa wa nani?"

"Hamilton."

"Kumbe," akasema, na jinsi alivyolitamka hilo neno, ni mama yake mtupu.

Nilitaka kumjibu kwamba haihusiani. Kwamba sheria ni sheria hata angefaidika nani. Lakini macho yalikuwa kwenye kaunta buku, kwenye ukurasa wa 2014, mwaka walipotupa injini zote za zamani wakaleta za V6 zenye umeme ndani, na Hamilton akachukua ubingwa mwaka huo, na uliofuata, na mingine baadaye. Ukurasa huo, ukiondoa ile ya pointi mara mbili, ni msafi. Hakuna kalamu nyekundu. Hakuna alama ya mshangao. Badiliko kubwa kuliko yote katika kaunta buku zima, na mimi nimeliandika kwa mwandiko mzuri kama wa kadi ya harusi.

Je, kama yale matano yangepitishwa ili Hamilton ndiye ampite mwenzake, ningesimama kuwasomea watu ukurasa wa nyuma? Nimejiuliza hilo usiku mzima wa juzi. Kuna saa nasema ndiyo.

Mtoto amekwisha kulitwaa kaunta buku. Ameanza ukurasa mpya, ameandika 2026 kwa herufi kubwa, na anataka twende tukazitazame mbio mahali penye watu, siyo nyumbani. Jana nikampigia Mzee Kiti. Alifurahi kunisikia, akacheka sana, akamuulizia na mke wangu.

"Njoo tu, Mwalimu," akasema. "Kiingilio ni kilekile. Ila utaratibu tumebadilisha kidogo."